Pikapu ya zamani: ifufue bila kuilaza juu ya mawe

Ukiamua kufufua pikapu ya zamani kwa raha yako, shika amri moja: gari lisiache kutembea. Pikapu nyingi zilizolala juu ya mawe nyuma ya nyumba hazikuuawa na kutu wala injini. Mwenyewe alifungua kila kitu kwa mpigo mmoja, pesa ikakata katikati, bolti zikapotea, moyo ukapoa. Wewe fungua mfumo mmoja, umalize, uendeshe, ndipo uguse mwingine.

Hapa nitazungumzia Toyota Hilux ya umbo lililotoka mwaka 1988 hadi 1997, hasa LN106: ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani kila kona, injini ya dizeli ya 3L yenye cc 2,779. Haina kompyuta. Spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, na hata kwenye mji mdogo hukosi fundi aliyewahi kuifungua. Kwa mtu anayejifunza kwa mikono yake, sijaona gari bora zaidi. Kama yako ni Peugeot 504, Datsun 1200 au Isuzu KB, vipimo vitabadilika lakini mpangilio wa kazi ni huu huu.

Unaponunua, anzia uvunguni. Rangi mpya na viti vilivyoshonwa juzi vitakudanganya. Ingia chini na tochi na nyundo ndogo, kisha gonga chesisi taratibu kuanzia nyuma ya kabini hadi kwenye mashikio ya springi za nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bubu na kumwaga vumbi jekundu. Gari lililoishi Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja ligonge mara mbili, maana hewa ya chumvi hula chesisi kwa ndani, mahali jicho halifiki. Ukiona kiraka kilichochomelewa na kupakwa rangi nyeusi mbichi, uliza kinafunika nini.

Soma namba ya chesisi. Imegongwa kwenye fremu, upande wa gurudumu la mbele kulia. Ifute kwa tambara lenye dizeli, uilinganishe na kadi ya gari, kisha ufanye hivyo hivyo kwa namba ya injini. Zisipolingana, shukuru na uondoke, hata bei iwe tamu namna gani.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, kuna jambo ameshalificha. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kwanza, ndipo gari liwashwe. Mapovu yanayotoka mfululizo yanakuambia gasketi ya silinda hedi imekufa au hedi yenyewe ina ufa. Moshi mweupe kidogo asubuhi, ukikata baada ya muda mfupi, usikutishe. Wa bluu usiokatika ni oili inayoungua. Mweusi mzito unapokanyaga mafuta ni nozeli au pampu ya dizeli.

Halafu chungulia nyuma ya kila gurudumu la mbele. Utaona tufe la chuma ambalo gurudumu linageukia. Likiwa na utando mwembamba wa girisi, ni salama. Likidondosha uji mweusi, mwepesi, unaonuka oili ya difu, sili ya ndani imechoka na oili imeingia kwenye girisi. Hilo halikufukuzi. Hilo linashusha bei.

Gari lililofunguliwa na mtu mwingine, vipuri vikiwa kwenye magunia, liache. Hata ukiuziwa kwa bei ya chuma chakavu. Hutajua kilichopungua mpaka siku ya kufunga.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Nunua spana na soketi nzuri za kati ya milimita 8 na 24, koleo, nyundo, spana ya kupima ukazaji na mita ya umeme. Ongeza soketi ya milimita 54. Hiyo ndiyo ya nati za beringi za magurudumu ya mbele. Mafundi wengi huzigonga kwa patasi, nati zinachanika na beringi zinakazwa kwa kubahatisha. Soketi moja inakuondolea aibu hiyo kwa miaka yote utakayokuwa na gari.

Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala matofali ya saruji: yanapasuka ghafla, bila kutoa onyo. Tumia stendi za chuma, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa vipande vya mbao ngumu, kisha sukuma gari kwa bega kabla hujalala chini yake. Likitikisika, panga upya.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Kisha weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake, uandike juu ya kopo. Ni dakika mbili, na ndizo zinazokuwezesha kufunga gari wiki ijayo ukiwa umeshasahau.

Sasa kazi yenyewe. Anza na breki, na uanze nyuma, kwa sababu Hilux hizi zina ugonjwa wao huko. Pedali inashuka chini sana, hendibreki haishiki, na fundi wa haraka anakuambia ubadilishe masta silinda. Subiri kwanza.

Vua gurudumu la nyuma na uachie hendibreki. Dramu ikigoma kutoka, tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni pake, tia bolti za M8, uzikaze kwa zamu hadi dramu ijisukume nje yenyewe. Usiipige nyundo pembeni, itapasuka. Vumbi la ndani usilipulizie kwa mdomo wala kompresa. Ni baya kwa mapafu. Lioshe kwa maji na sabuni.

Sasa nenda nyuma ya sahani ya breki. Kuna mkono mdogo uliopinda, unaovutwa na kebo ya hendibreki. Ujaribu kwa vidole. Ukikataa kwenda na kurudi, umeshaupata ugonjwa. Kwenye Hilux, shuu za nyuma hujisogeza karibu na dramu kwa kuvuta hendibreki. Mkono ule ukiganda kwa kutu, shuu hazisogei tena. Zinaisha, nafasi inaongezeka, pedali inazidi kuzama. Fungua mkono, chomoa pini yake, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, ipake girisi, rudisha na kifuniko chake cha mpira. Fanya na upande wa pili.

Ukishafunga shuu na dramu, kaa kwenye kiti uvute hendibreki na kuiachia, tena na tena. Utasikia tik, tik, tik kutoka nyuma. Endelea mpaka mlio huo ukome. Hapo shuu zimefika mahali pake, na pedali itakuwa imepanda yenyewe.

Kisha toa upepo. Hii ni kazi ya watu wawili, na lugha yake lazima iwe moja. Wewe uko chini na spana, bomba jembamba la plastiki na chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mwenzako yuko kwenye pedali. Unamwambia, "Kanyaga." Anakanyaga na kujibu, "Nimeshika." Unafungua skrubu, mapovu yanatoka, unafunga. Ndipo unamwambia, "Achia." Akiachia kabla hujafunga, mnavuta upepo upya na kuanza mwanzo. Anza na gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kila mara ongeza mafuta kwenye kopo la juu lisikauke. Tumia DOT 3 kutoka kopo jipya. Usitie mafuta ya usukani wala oili yoyote. Mipira yote ya mfumo itavimba.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, angalia alteneta. Ndiyo, alteneta. Kwenye injini hizi za dizeli, pampu ya kuvuta hewa kwa ajili ya kupunguza uzito wa breki imefungwa nyuma ya alteneta na hulainishwa na oili ya injini kupitia mpira mdogo. Ukienda kununua alteneta, chukua yenye pampu. Na ule mpira wa oili ubadilishe mapema: ukipasuka safarini, injini inamwaga oili yote barabarani.

Baada ya breki, shughulikia usukani na magurudumu ya mbele. Inua upande mmoja, shika tairi juu na chini, litikise. Mchezo ukitoka, mwenzako akanyage breki huku ukitikisa tena. Ukikoma, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za lile tufe la kugeukia. Nunua seti nzima ya sili na beringi, ufungue pande zote mbili, na ukifika huko ndani safisha kila kitu mpaka uone chuma kitupu kabla ya kutia girisi mpya. Hii ni kazi chafu kuliko zote kwenye gari hili. Vaa nguo unazoweza kuzitupa.

Ndipo uje kwenye maji. Kama fundi wa zamani alitoa themostati akidai nchi zetu zina joto, irudishe. Themostati nyingi za Toyota zina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na kula dizeli. Mlimani ikiwa na mzigo inachemka. Ijaribu mpya kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uiangalie ikifunguka kabla maji hayajachemka. Osha rejeta, badilisha mipira iliyokakamaa, tia kulanti badala ya maji ya bomba. Hedi za injini hizi hazisamehe kuchemka.

Mkanda wa taimingi usiuchezee. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Watu wengi wanadhani taa hiyo inaona hali ya mkanda. Haioni. Inahesabu kilomita tu, na huwaka kila zinapofika 100,000. Kama aliyekuuzia hana ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, chukulia haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na umenunua injini nyingine. Badilisha mkanda pamoja na beringi yake ya kukazia na sili za krenki na kemu. Panga alama tatu: krenki, kemu na pampu ya dizeli. Kisha, kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, uhakikishe alama zimerudi zote mahali pake. Ikikwama popote, usilazimishe. Rudi nyuma.

Oili na filta yake, kila kilomita 5,000. Chini ya filta ya dizeli kuna kifungulio cha kumwaga maji. Kifungue mara kwa mara, hasa ukinunua dizeli ya madumu. Ukibadilisha filta hiyo, pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake ndiyo ya kutoa upepo. Ibonyeze mpaka iwe ngumu. Usimalize betri kwa stata.

Umeme wa gari kuukuu mara nyingi unaugua kwenye hasi. Kabla hujanunua betri, stata au taa, fungua nyaya za kutoka betri kwenda chesisi, na kutoka injini kwenda bodi. Sugua mpaka chuma king'ae, kaza, paka girisi. Taa zilizokuwa za manjano zinageuka nyeupe siku hiyo hiyo.

Sasa umefika kwenye raha: kulibadilisha gari liwe lako. Hapa ndipo vijana wengi huanzia, na ndiyo maana nimekuchelewesha makusudi. Gari lisilosimama vizuri halihitaji tairi kubwa.

Kuinua gari, ishia sentimita 5. Tumia springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na shokapu zenye urefu wa kulingana nazo. Usirefushe shakoli, maana pembe ya ekseli ya mbele inabadilika na usukani unaanza kutangatanga barabarani. Usirundike majani ya springi ya lori pia. Ukikosa mzigo, mtikisiko wote unahamia kwenye chesisi, nayo itapasuka nyuma ya kabini.

Na hapa kuna jambo ambalo gereji nyingi hulisahau. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye fimbo inayopima mzigo na kuamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu itadhani gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu hata ukiwa umebeba saruji. Rekebisha urefu wake, kisha jaribu breki kwenye barabara tupu, kwa mwendo mdogo.

Tairi: kutoka 205R16 ya kiwandani kwenda 265/75R16, kimo kinapanda kutoka sentimita 74 hivi hadi 80. Spidomita ikisema 80, wewe unakimbia karibu 87. Injini yenye nguvu ya farasi takriban 90 itahisi kila gia ni nzito. Rimu nayo ibadilike iwe pana zaidi, yenye bolti sita za mduara wa milimita 139.7. Kabla ya kulipa, funga moja mbele na ukate usukani mpaka mwisho pande zote, uone kama inagusa bodi au springi. Kwa matope yetu ya masika, mimi ningechagua tairi nyembamba na ndefu kuliko pana. Inakata tope ikafika penye ardhi ngumu.

Taa za ziada zinahitaji rilei. Mguu wa 30 upokee umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 uende kwenye taa, 85 na 86 ni za kuamsha rilei. Taa mbili za wati 55 zinavuta takriban ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya 15 inatosha, na ikae karibu kabisa na betri. Ila kuna mtego: swichi ya taa kubwa kwenye Hilux hizi inakata upande wa hasi. Ukitaka taa za ziada ziwake pamoja na fuli, unganisha 85 na 86 kwenye nyaya mbili za plagi ya taa kubwa, ule wa chanya wa kudumu na ule wa fuli. Ukipeleka mguu mmoja kwenye bodi kama ulivyozoea, utahangaika usiku kucha.

Kutu ya bodi usiipake puti. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, chomelea bati jipya, tia praima siku hiyo hiyo kabla hewa haijaanza kazi yake. Inua kapeti ya kabini uone sakafu. Maji ya mvua hujificha hapo. Kabla ya kuchomelea popote, ondoa waya za betri na za alteneta. Tangi la mafuta lenye tundu usilichomelee nyumbani, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani unatosha kuua.

Kila ukimaliza kazi ya magurudumu, yubolti za springi au krosi za propela, endesha kilomita 100 kisha urudi na spana. Utakuta kilicholegea.

Usisahau karatasi. Ukibadilisha injini, mathalani kutoka 3L kwenda 5L, au ukibadilisha rangi, taarifa za kwenye kadi zimebadilika pia. Tanzania nenda TRA, Kenya nenda NTSA, ukiwa na risiti ya injini mkononi. Bila hivyo, siku ya kuuza au siku ya ajali utakuwa na gari zuri lisilo na maelezo.

Jumamosi hii anza na dramu za nyuma, ndugu yangu. Nunua shuu, kopo la mafuta ya breki na msasa, na umwombe jirani akukanyagie pedali. Jumapili utaweza kuliendesha.